Mazikoni Hakuna Chama

Agosti 2016, alipofariki Mzee Aboud Jumbe, Rais wa pili wa Zanzibar, viongozi wa pande zote walikwenda kuzika. Dkt. Ali Mohamed Shein, Rais wa Zanzibar wakati ule, alimpa mkono Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa mgombea wa CUF. Mkono haukupokewa. Mabarazani ukazungumzwa mkono ule kuliko marehemu mwenyewe, na mwezi uliofuata Rais Magufuli naye akautaja jukwaani alipozuru visiwani.

Maalim Seif alikuwa na lake moyoni. Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi kabla matokeo yote hayajatangazwa, na CUF ikasusia marudio ya Machi 2016. Baina ya hayo mawili, katika sherehe za Mapinduzi za Januari, lilipitishwa bango la kuwabagua machotara, kana kwamba nchi si yao. CCM ililazimika kuomba radhi.

Ugonjwa huu Wazanzibari wanaujua tangu zamani. Wazee hukiita kipindi cha kuanzia 1957 hadi Mapinduzi "zama za siasa": wa chama cha ASP hanunui dukani kwa wa chama cha Hizbu, wa Hizbu hapandi basi la wa ASP, na maiti hazizikwi pamoja. Juni 1961 ghasia zilizuka siku ya uchaguzi, na zilipotulia watu 68 walikuwa wameuawa. Vyama vingi viliporudi 1992, ususiaji ulirudi navyo. Pemba, baada ya uchaguzi wa 1995, zilikuwepo familia zisizojibizana salamu kwa ajili ya kadi ya chama.

Kisha zikaja Januari 26 na 27, 2001. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha katika vurugu za maandamano, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Baadhi ya familia za Kizanzibari zilizopo Uingereza na kwingineko Ulaya zilianzia safari yao katika misukosuko ya miaka ile. Ndiyo maana inashangaza kuona lugha iliyowahamisha watu kwao ikipewa chumba ughaibuni.

Siku hizi lugha hiyo haihitaji jukwaa. Mtu yuko jikoni kwake London au Toronto, chai mezani, anashika simu na kurekodi dakika tatu za matusi. Wa upande ule ni "Hizbu", wa upande huu ni "vibaraka", na babu wa mtu anaulizwa alishuka na jahazi gani. Akimaliza anakwenda kulala. Sauti yake inasikilizwa Jaws Corner, Unguja, juu ya kahawa, inajibiwa kwenye maskani ya Michenzani, na wanaobaki wakitazamana kwa jicho baya ni majirani wanaochota maji bomba moja. Aliyerekodi mwenyewe hata kura hana: Mtanzania aliye nje hapigi kura ubalozini, na aliyechukua uraia wa kigeni si Mtanzania tena kisheria.

Hakuna anayetakiwa kufunga mdomo. Kuhoji kwa nini uchaguzi wa 2015 ulifutwa ni haki, na kudai majibu kwa waliofiwa 2001 ni haki vilevile. Tume, kura na fedha za umma ni siasa. Asili ya mtu na rangi ya ngozi yake si siasa, na anayezileta mezani amekwisha kuishiwa hoja.

Novemba 5, 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar baada ya miaka ya miafaka iliyovunjika. Hakuna aliyerudisha kadi yake. Julai 31, 2010, asilimia 66.4 ya wapiga kura ya maoni walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa Oktoba ukapita kwa utulivu ambao visiwa vilikuwa havijauona tangu vyama vingi virudi. Mambo yaliharibika tena 2015. Hata hivyo, Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine uliomwaga damu, Maalim Seif alikubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dkt. Hussein Mwinyi. Alipofariki Februari 17, 2021, serikali ilitangaza maombolezo ya siku saba, na akazikwa kwao Mtambwe.

Jarida hili linaiomba jumuiya yetu ya Wazanzibari ughaibuni mambo mawili. Wasimamizi wa makundi ya WhatsApp wafute papo hapo ujumbe wowote unaomtukana mtu kwa asili yake, hata aliyeutuma akiwa wa chama chao. Na msiba ukitokea, mabishano yasimame hadi khitma ipite. Fomu yetu ya mchango wa kusafirisha maiti ina nafasi tatu: jina, namba ya simu na kiasi. Ya chama haimo, na wajumbe wasikubali iongezwe.