Mimea ya harufu ipandwe na mahindi, isiyafukuze

WAFANYABIASHARA wa mazao wa Bilele, mjini Bukoba, wamezoea kupima msimu kwa magunia ya kahawa na maharage, na kwa mikungu ya ndizi inayoshushwa sokoni. Mchaichai, kivumbasi, rozimari na giligilani havina nafasi katika hesabu hizo. Ni vitu vya kutia kwenye chai na mboga, vinauzwa kwa fungu.

Hata hivyo, kila linapotajwa zao jipya lenye harufu, hutokea wenye fedha za haraka wanaotaka kukodi ekari kadhaa na kupanda zao hilo peke yake. Huko ni kukimbilia hasara. Mahali pa mimea hii kwa sasa ni katikati na pembeni mwa mahindi na maharage, na fedha za mwekezaji ziende kwenye kukausha, si kwenye kukodi ardhi.

Somo la vanila

Kagera haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Vanila ilipandwa katika vibanja vya Bukoba na Muleba, ikitambaa juu ya miti katikati ya migomba na mibuni. Bei yake haiamuliwi Kagera. Baada ya kimbunga Hudah kuipiga Madagascar mwaka 2000, bei ya dunia ilipanda hadi kupita dola 400 kwa kilo iliyokaushwa mwaka 2003, na ilipofika 2005 ilikuwa imeporomoka hadi dola 50 hivi. Kimbunga Enawo cha Machi 2017 kiliipeleka tena hadi dola 600 hivi, kisha ikateremka. Mwaka 2023 Madagascar yenyewe ilifuta bei ya chini ya dola 250 iliyokuwa imeiweka.

Mkulima mwenye vanila katikati ya migomba hubaki na ndizi na kahawa bei inapoanguka. Aliyegeuza kibanja kizima kuwa vanila hubaki na kamba za kijani mitini, baada ya kusubiri miaka mitatu hivi kupata mavuno ya kwanza na kuchavusha ua moja moja kwa mkono. Tofauti ya wawili hao haikutokana na bei, kwa maana bei ilikuwa moja. Ilitokana na mpango wa shamba.

Harufu inayolinda chakula

Faida ya kuchanganya haiishii kwenye kujikinga na bei. Ng'ambo ya ziwa, huko Mbita nchini Kenya, watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walitoa matokeo yao mwaka 1997 katika jarida la Nature. Walionyesha kwamba majani ya malisho yenye harufu kali, Melinis minutiflora, yakipandwa katikati ya mahindi huwapunguza sana bungua wa mabua. Harufu yake humfukuza nondo anayetaka kutaga mayai, na papo hapo humwita nyigu mdogo anayewaangamiza viwavi wa bungua. Kilimo hicho kilikuja kujulikana kwa jina la vuta sukuma, na baadaye desmodiamu iliingizwa ili kupambana na kiduha pia.

Isichukuliwe kwamba kila jani linalonukia litafanya kazi hiyo. Kila mmea una harufu yake na kila mdudu ana chuki yake. Lakini kanuni imethibitishwa: mmea wa harufu unaweza kumlipa mkulima kwanza kwa gunia la mahindi lililookolewa, na malipo ya sokoni yakawa ya pili. Majani ya Melinis ni chakula cha ng'ombe vilevile.

Mpangilio nao una maana. Mchaichai ni mlafi. Ukiingizwa kila mstari utakula rutuba ya mahindi, na ardhi ya rweya haina rutuba ya kugawa. Uwekwe kwenye makinga maji na mipakani, mahali ambapo pia utazuia udongo usiondoke na mvua. Giligilani ya majani huvunwa katika siku 40 hadi 50, hivyo inaweza kutoka kabla mahindi hayajatia kivuli. Rozimari haipendi maji yaliyotuama. Iende kwenye mteremko.

Mwekezaji aweke wapi fedha

Wengi hukimbilia mafuta ya kunukia kwa sababu chupa yake ni ndogo na bei yake ni kubwa. Hesabu inatisha kidogo. Kilo 1,000 za majani mabichi ya mchaichai hutoa kilo 2 hadi 5 tu za mafuta, na mtambo wa kukamulia kwa mvuke unahitaji maji na kuni nyingi. Mtu wa mtaji mdogo ataziona kuni zikimla faida kabla hajampata mnunuzi.

Majani makavu ni mlango ulio wazi zaidi. Kilo 4 au 5 mbichi hutoa kilo moja kavu. Tatizo ni mvua, kwani Bukoba hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na jani lililoanikwa chini huota ukungu. Likiachwa kwenye jua kali nalo hupoteza harufu, ambayo ndiyo bidhaa yenyewe. Kinachotakiwa ni banda lenye paa, vichanja na upepo wa kutosha. Banda moja linaweza kuhudumia wakulima wengi, kila mmoja akileta kilo chache kutoka mipakani mwa shamba lake.

Usafirishaji nao uhesabiwe mapema. Gunia la majani makavu ni jepesi lakini linajaza nafasi, na nafasi ndiyo inayolipiwa kwenye lori la Mwanza. Majani yashindiliwe vizuri, na yasipakiwe pamoja na dagaa. Harufu ya dagaa itashinda, na mnunuzi wa chai hatasikiliza maelezo.

Kwa hiyo mwenye mtaji atangulize mnunuzi. Apeleke sampuli, apate kwa maandishi bei, uzito na kiwango cha ukavu kinachotakiwa, ndipo ajenge banda na kuwaambia wakulima wapande mipaka. Mkulima naye asing'oe hata shina moja la mahindi kwa ahadi ya mdomo. Mnunuzi asipofika, mwenye banda atakuwa amepoteza mabati na mbao, lakini nyumba ya mkulima itakuwa bado ina ugali.