Tusikubali kufagia tusichokielewa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni hoja nzito kwa wale wanaotetea kazi ya kusafisha msimbo wa programu za tarakilishi, yaani kuyapanga upya maandishi ya programu, kuyafuta yasiyotumika na kuyabadili majina yanayokanganya, pasipo kuiongezea programu yenyewe kazi yoyote mpya. Siwapingi. Hata hivyo, nashikilia kwamba kiraka cha usafi chastahili kukaguliwa kwa ukali ule ule unaokipata kiraka kinacholeta jambo jipya, na pengine kuzidi. Jambo jipya humfanya mkaguzi awe macho. Usafi humlaza usingizi.

Mfano bora ni kiini cha Linux. Kiini ni ile programu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu ya tarakilishi, inayoamua ni kazi ipi itangulie, na inayoziunganisha programu nyingine na vifaa. Linus Torvalds alianza kukiunda mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Leo kina zaidi ya mistari milioni 30, na kila simu ya Android iliyomo mfukoni mwa mwalimu au mwanafunzi wa Kenya hukitegemea. Mtu yeyote duniani aweza kupeleka kiraka, mradi aeleze amebadili nini na kwa nini. Kisha msimamizi wa sehemu inayohusika hukisoma, akakikubali, akakirudisha kitengenezwe, au akakikataa.

Aghalabu wanagenzi huingilia mlango wa usafi. Tangu 2008 kiini hicho kimekuwa na ua maalumu uitwao staging, ambamo huwekwa programu za vifaa ambazo hazijakomaa, na wanagenzi hukaribishwa humo wajifunze. Ipo pia programu ndogo, checkpatch, iliyoanza kutumiwa 2007, ambayo huhesabu nafasi na kulalamikia mistari mirefu. Mwanagenzi huyachukua malalamiko hayo akayarekebisha moja baada ya jingine. Ni mazoezi mema ya kujifunza taratibu, lakini tusiyaite ujuzi. Mwaka wa 2020, urefu wa mstari unaolalamikiwa na programu hiyo ulipandishwa kutoka herufi 80 hadi 100, na mistari mingi iliyolala ikiwa michafu ikaamka safi. Uchafu wa namna hiyo ni wa macho tu. Mwalimu wa insha anaijua tofauti iliyopo baina ya mwandiko mbaya na hoja mbovu.

Madhara ya kufagia pasipo kuelewa si ya kubuni. Mfano wenyewe watoka nje ya kiini, katika mfumo wa Debian unaokitumia kiini hicho. Mwaka wa 2006 msimamizi mmoja aliona kwamba chombo cha ukaguzi kinailalamikia mistari fulani ya OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za mawasiliano. Aliwauliza wahusika wa OpenSSL, na jibu alilopata halikumzuia. Akaiondoa. Kumbe humo ndimo zilimokuwa zikiingizwa namba za kubahatisha, zile zinazofanya ufunguo usiweze kukisiwa. Kwa takriban miaka miwili, hadi Mei 2008, funguo za mifumo hiyo zilitegemea tu namba ambayo mfumo huipa kila programu inapoanza kutenda kazi, namba ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Mwizi mwenye subira angeweza kuzijaribu zote. Watumiaji wakalazimika kuzitupa funguo zao na kutengeneza nyingine. Lawama siielekezi kwa bwana yule, kwani aliuliza. Aliyekosekana ni mkaguzi wa kusisitiza swali moja: mistari hii ilikuwa ikifanya kazi gani?

Sasa tutazame usafi wa aina ya pili. Katika lugha ya C, ambayo ndiyo iliyoandikiwa sehemu kubwa ya kiini, programu huchagua baina ya hali kadhaa. Isipoambiwa isimame mwishoni mwa hali moja, huporomokea katika hali inayofuata. Mara nyingine mwandishi alikusudia hivyo, mara nyingine alisahau. Wasanidi, akiwemo Gustavo Silva aliyeubeba mzigo mkubwa, walizipitia sehemu hizo moja moja wakiuliza kama ni makusudi au ni usahaulifu. Penye makusudi waliweka alama. Penye usahaulifu walirekebisha, maana makosa ya kweli yalipatikana. Mwaka wa 2019, katika toleo la 5.3, onyo dhidi ya kosa hilo liliwashwa kwa kiini kizima. Huo ndio usafi ninaouunga mkono, usafi uliotanguliwa na kusoma.

Kiraka cha mapambo matupu nacho kina gharama. Kwanza, hula wakati wa msimamizi ambaye tayari ameelemewa. Pili, marekebisho ya usalama hulazimika kupelekwa hadi matoleo ya zamani ambayo bado yanatumika. Ikiwa mistari imehamishwa na kupangwa upya, marekebisho hayo hayaingii mahali pake kwa urahisi. Siku hizi akili bandia nayo yaweza kuviandika viraka vya aina hii kwa wingi usiokwisha, huku macho ya kuvisoma yakibaki yale yale machache.

Wapo watakaosema kwamba ninawafungia vijana mlango wa pekee walio nao. La hasha. Mlango na ubaki wazi, ila mlangoni pasikosekane mtu wa kuuliza. Kiraka kinachorudishwa na maelezo ni somo. Kiraka kinachopokewa bila kusomwa hakimfunzi mwanagenzi lolote, na kinachonyamaziwa humkatisha tamaa. Mkaguzi, atake asitake, ni mwalimu.

Kwa hiyo nawageukia walimu wetu wa somo la tarakilishi. Tumezoea kuwapa wanafunzi ukurasa mtupu na kuwaambia waandike programu mpya. Tuwape pia programu kuukuu iliyoandikwa na mtu mwingine, na kabla hawajaruhusiwa kubadili hata herufi moja, waeleze kwa maneno yao kila mstari unafanya nini. Maelezo hayo yapewe alama. Kisha wakaguane wenyewe kwa wenyewe, na anayekagua naye apewe alama kwa maswali aliyoyauliza.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mstari unaoonekana kuwa takataka huenda ndio msumari unaoshikilia chombo. Mwanafunzi atakayezoea kuuliza kabla ya kuung'oa atapokewa vyema na msimamizi yeyote, na sisi tunaosafiri katika chombo hicho hatutalowa.