Nafasi ya Ligi Kuu ni Mali ya Nani?

Ngazi ya soka la Tanzania Bara inaeleweka: ligi ya wilaya, ya mkoa, Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, kisha Ligi Kuu yenye timu 16. Kila daraja hupandwa kwa jasho.

Hata hivyo, Ihefu ya Mbarali ilihamia Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars, ikiwa bado Ligi Kuu. Wana Mbarali wameshushwa daraja bila kufungwa hata bao moja.

Nchini Ujerumani, kwa kawaida, wanachama hubaki na kura nyingi katika kampuni inayoendesha timu. Nasi tuwe na kanuni: timu isihame mpaka wanachama waridhie, mwekezaji asiyewataka aanzie ligi ya wilaya.