Kipupwe cha Dodoma na raba zilizolala mlangoni



Ikifika katikati ya Juni, sisi wanawake wa visiwani tunaoishi Dodoma huanza kuhesabiana. Kundi lililokuwa likitoka watu wanane kukimbia asubuhi linabaki watatu, na Julai hata hao watatu wanategeana kwenye simu, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme kwanza kuwa leo hatoki. Ukiuliza sababu utaambiwa baridi. Kwa heshima zote, sisi tunaona baridi inasingiziwa.

Hatusemi kuwa haipo. Aliyekulia Unguja au Pemba, ambako bahari huutunza usiku uvuguvugu wake, hajui kipupwe mpaka alale Dodoma. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu na mbingu haina wingu, basi joto la mchana lote linapaa usiku. Alfajiri ya Julai huweza kushuka hadi nyuzijoto 13, kisha unakuja upepo uliovuka nyika tupu na vumbi lake. Midomo inapasuka, vidole vinakufa ganzi. Mtu wa Ulaya atacheka akisikia hiyo tunaiita baridi. Mwache acheke, yeye hakukulia Makunduchi.

Lakini hebu tulipime jambo lenyewe. Sisi tunaojistiri tunakimbia na suruali pana, gauni la mikono mirefu na ushungi. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, robo saa tu inatosha ushungi kurowa na kichwa kuanza kugonga. Mwili unaokimbia hutengeneza joto, na joto hilo lazima litoke. Hewa ikiwa ya ubaridi hutoka kwa wepesi. Basi kama kuna msimu uliotengenezwa kwa mwanamke aliyejifunika, ni huu huu tunaoukimbia kwa kurudi kitandani! Mavazi yanayotuchosha Novemba ndiyo yanayotukinga Julai. Hata ushungi wenyewe, ukiupitisha juu ya pua, huipasha hewa moto kidogo kabla haijafika kifuani na huzuia vumbi.

Na tusidhani uwanda huu wa kati haufai kwa mbio. Singida ni jirani zetu hapa. Huko ndiko alikotoka Zakia Mrisho, aliyeshika nafasi ya sita mita 5,000 kwenye mashindano ya dunia ya Helsinki mwaka 2005. Ndiko alikotoka pia Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa saa 2:09:48 wote wawili, na tofauti yao ikiwa sekunde 0.03. Hatukimbii kutafuta medali, tunajua. Ila watoto wa eneo hili walikua na upepo huu huu.

Kinachotutoa barabarani hasa, kwa maoni yetu, ni mambo mawili ambayo hatupendi kuyataja. La kwanza ni macho ya watu. Mwanamke mzima, mama wa watoto, anakimbia anakwenda wapi? Baridi inatupa jibu la heshima la kuacha bila kusema kuwa tumeona haya. Kwa hili tunakumbushana kisa kilichopokewa na Abu Daud: Bi Aisha, radhi za Allah zimshukie, alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye, mwili ulipokuwa umeongezeka, walishindana tena naye akashindwa. Anayeona mwanamke kukimbia ni aibu atuambie kisa hicho anakifanya nini.

La pili ni kazi za nyumba. Chai ya alfajiri, maji ya moto ya watoto, sare za skuli, vyote vinamsubiri mtu mmoja, na kwenye kipupwe kila kitu huchukua muda zaidi. Hapa hatuna maneno ya kuzunguka: baba wa nyumba anaweza kubandika birika. Dakika ishirini tu.

Dakika ishirini tunazitaja kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani dakika ishirini na kitu kila siku, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Siku ya upepo mkali punguza, zunguka nyumba mara kumi, tembea badala ya kukimbia, lakini usiikate siku. Tumefundishwa kuwa amali ipendezayo zaidi ni ile ya kudumu hata ikiwa kidogo, na miezi mitatu ya kulala si kidogo. Angalieni majumbani mwetu, kopo la biskuti limejaa vidonge vya presha na sukari vya mama na shangazi. Dawa hizo hazijui kipupwe, zinamezwa kila siku.

Mwenye pumu mambo yake mengine. Hewa kavu ya baridi humbana kifua, basi asikilize daktari wake kwanza, na anaweza kusubiri jua lipande. Aliyetoka zamu ya usiku alale.

Na tusitoke gizani. Julai jua la Dodoma huchomoza kama saa 12:50, kwa hiyo baada ya swala ya alfajiri kuna muda mzuri wa adhkari, kikombe cha maji ya vuguvugu (baridi huficha kiu) na kunyoosha viungo ndani. Tunatoka pale mtu anapoweza kutambulika sura akiwa ng'ambo ya barabara, na hatutoki mmoja mmoja. Paka mafuta ya mgando midomoni, vaa soksi nzito, na sweta liwe la kufungua mbele, maana ukifika nusu ya njia utalivua.