Printa ya Jumuiya Ikae kwa Mtu Mmoja



Hoja ya printa ikiingia kwenye jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo hapa Nzuguni, mara nyingi haina wapinzani. Katibu amechoka kupeleka flashi steshenari. Msiba unatangazwa saa mbili usiku, mazishi ni kesho mchana, na karatasi za ibada zinatakiwa asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa. Nyimbo za Kwaresima, ratiba ya sala, orodha ya michango, vyote ni karatasi. Basi mtu anasimama na kusema tuchange, tununue ile printa ya matanki, ya kumimina wino wa chupa, na wote wanaitikia. Ugumu uko kwenye swali linalofuata: itakaa kwa nani? Kwa kuwa sala yenyewe huzunguka nyumba kwa nyumba, wengi huona kwamba haki ni printa nayo izunguke.

Sisi tunapinga jambo hilo, na sababu yetu ya kwanza imo ndani ya mashine yenyewe.

Printa ya wino huandika kwa kichwa chenye matundu mengi, membamba kuliko unywele. Katika printa ya kawaida wino umo ndani ya katriji ndogo. Mashine inauzwa kwa bei ya chini, na kampuni hurudisha fedha yake kwenye katriji. Mafundi wa mitaani waliligundua hilo mapema, wakaanza kuunganisha mirija kutoka kwenye matanki yaliyokaa nje ya printa hadi kwenye katriji, ili mtu amimine wino mwenyewe badala ya kununua katriji mpya. Huo ndio mfumo wa wino wa kuendelea. Mwaka 2010 Epson wakaanza kuuza nchini Indonesia printa zao wenyewe zenye matanki kutoka kiwandani, na baadaye Canon, HP na Brother wakafuata. Kwa lugha nyingine, kiwanda kilijifunza kwa fundi.

Hivyo leo jumuiya ina njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua printa ya katriji na kumpa fundi aifungie matanki ya nje. Gharama ya kuanzia ni ndogo, na hapo ndipo watunza hazina wetu hunaswa. Matanki hayo ya nje yana adabu yake. Lazima yakae juu ya meza ileile, usawa mmoja na printa. Ukiyainua juu, wino hushuka wenyewe na kumwagika ndani ya mashine; ukiyaweka sakafuni, wino hurudi nyuma na hewa huingia kwenye mirija. Vitundu vya hewa vya matanki vinatakiwa viwe wazi wakati wa kuchapa. Mrija ukibanwa na kifuniko, rangi inakatika katikati ya ukurasa. Katriji nyingi zina chipu, na chipu ikigoma printa inasema wino umekwisha wakati matanki yamejaa. Kama fundi mwenyewe ni mwanajumuiya na anakaa nyumba ya tatu, sawa. Vinginevyo, hatuishauri.

Njia ya pili ni printa yenye tanki la kiwandani, na hiyo ndiyo tunayoitetea. Tuchukue mfano wa Epson L3110 au L3250, ambazo hutumia wino namba 103. Chupa moja ina mililita 65, na kwa hesabu ya kiwanda wino mweusi wa chupa moja hutoa kurasa zipatazo 4,500. Kurasa za kiwanda zina maandishi machache kuliko zetu, kwa hiyo tupunguze. Hata tukichukua nusu, jumuiya ya kaya 20 inayogawa kurasa mbili kwa kila kaya kila wiki inatumia kurasa 2,080 kwa mwaka. Chupa moja nyeusi inatosha mwaka mzima na kidogo zaidi. Mhazini afanye hesabu hiyo kwa bei ya kopi ya steshenari ya mtaani kwake, aiweke pamoja na bei ya printa na rimu za karatasi, ndipo jumuiya iamue. Hatumpigii debe mtu yeyote. Canon na HP nao wana za kwao nzuri, na zina jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi dukani.

Jambo hilo ni aina ya wino. Katika hizo Epson ndogo tulizozitaja, hata wino mweusi ni ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, kama rangi ya chai. Karatasi ikilowa, maandishi yanatambaa. Canon wa mfululizo wa G na HP wengi wa matanki wana wino mweusi wa pigimenti, yaani wenye chembe ndogo sana zinazoshika juu ya karatasi, nao huvumilia maji zaidi. Kwa mtu anayechapa barua za ofisi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa sisi tunaosimama makaburini mwezi wa Januari mvua ikinyesha, na ambao karatasi zetu hunyunyiziwa maji ya baraka pamoja na jeneza, si ndogo hata kidogo. Tena katika printa nyingi za aina hizo vichwa vya wino vinaweza kutolewa na kubadilishwa nyumbani. Cha Epson kimefungwa ndani, na kikiziba kabisa ni kazi ya fundi. Upande wa pili, Canon na HP hurusha wino kwa joto, na wino wenyewe ndio unaopoza kichwa. Ukichapa tanki likiwa tupu unakiunguza. Epson hurusha bila joto, kwa kusukuma. Kila mashine ina udhaifu wake, na mtunzaji anapaswa kuujua wa ile aliyonayo.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa yetu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, na kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu na upepo unabeba vumbi la mitaa isiyo na lami. Vumbi hilo lina madhara mawili kwa printa. Linakaa kwenye rola za kuvuta karatasi, nazo zinateleza au kuvuta karatasi tatu kwa pamoja. Na linaingia karibu na kichwa na kuchanganyika na wino unaokauka. Kitambaa safi cha kufunika, hata kipande cha kitenge, kinafanya kazi kubwa kuliko dawa nyingi zinazouzwa. Rimu iliyofunguliwa irudishwe kwenye mfuko wake, na karatasi zipepetwe kabla ya kuwekwa.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni kukaa bila kazi. Matundu ya kichwa yakikaa wiki kadhaa bila kupitisha wino, wino hukauka humo. Kinga yake ni nyepesi mno: ukurasa mmoja wenye rangi zote nne, kila wiki, hata kama hakuna cha kuchapa. Na printa izimwe kwa kitufe chake, kamwe isizimwe kwa kuchomoa kwenye soketi. Ukibonyeza kitufe, kichwa kinarudi pembeni na kufunikwa na kifuniko chake kidogo cha mpira. Ukikata umeme ghafla kinaweza kubaki wazi na kukauka usiku kucha. Umeme ukikatika au luku ikiisha katikati ya kazi, mtunzaji airudishie umeme baadaye, aiache ijipange, kisha aizime ipasavyo.

Mistari myeupe ikianza kuonekana, wengi hukimbilia kuamuru printa isafishe kichwa mara kumi mfululizo. Kila usafishaji unanyonya wino kutoka kwenye matanki na kuumwaga kwenye sponji lililo ndani ya mashine, na sponji hilo likijaa printa inagoma. Ichapwe kwanza karatasi ya kupima matundu. Isafishwe mara moja, ipimwe tena. Kwa hizo Epson, ikifika mara tatu bila nafuu, maelekezo ya kiwanda ni kuizima na kuiacha saa 12 au zaidi. Mara nyingi ikiwashwa baadaye, mistari imepungua yenyewe. Uvumilivu huo hauna gharama, ila unamtaka mtu ambaye printa iko kwake hadi kesho.

Hapo ndipo tunarudi kwenye printa ya kuzunguka. Kuibeba kwenye bodaboda kila Jumamosi ni kuulaza wino upande, kuingiza hewa kwenye mirija na kuipitisha mashine yote kwenye vumbi. Na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba ile karatasi moja ya kila wiki haitachapwa na mtu, kwa sababu kila kaya itaona ni kazi ya kaya iliyopita au ijayo. Wino ukishuka chini ya mstari, aliyeuona atajua kesho kutwa printa inaondoka.

Wanafunzi wenzetu wa falsafa watakumbuka kwamba Aristotle, katika kitabu cha pili cha Siasa, anaona kwamba kitu cha watu wengi ndicho kinachotunzwa kidogo. Mtakatifu Thomas analichukua wazo hilo kwenye Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 66, kifungu cha pili. Anatoa sababu tatu za mtu kuwa na mali mkononi mwake: hujibidisha zaidi kwa kilicho chake, mambo huwa na mpangilio kila mtu akijua kinachomhusu, na watu huishi kwa amani zaidi. Lakini kifungu hichohicho kinaendelea. Katika kutumia, anasema, mtu asikihesabu kitu kuwa chake peke yake, bali cha wote, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Thomas hakuwa akizungumzia mali ya kikundi, tunakiri. Lakini mgawanyo wake wa kutunza na kutumia unaifaa printa yetu vizuri sana. Mkono wa kutunza uwe mmoja. Karatasi ziwe za wote.

Kuna pingamizi tunalolisikia, nalo si la kupuuza: aliye na printa atakuwa bosi. Atachapa kazi za duka lake kwa wino wa jumuiya, na mjane wa nyumba ya mwisho ataogopa kubisha hodi. Ndiyo maana tunasema mtunzaji asichaguliwe kwa sababu ana nyumba kubwa, wala kwa sababu ni mwenyekiti. Achaguliwe mtu anayeshinda nyumbani, asiyeona tabu kugongewa mlango: mwalimu mstaafu, mama mwenye cherehani barazani, kijana wa VIWAWA anayesubiri ajira. Pembeni ya printa pawe na daftari, kila kurasa zilizochapwa ziandikwe na jina la aliyeomba, na kazi binafsi zilipiwe kwa bei iliyokubaliwa na wote. Daftari lisomwe kwenye jumuiya mara moja kwa mwezi. Chupa za wino zinunuliwe kwa risiti ya EFD, namba ya wino ilingane na ya printa, na tarehe kwenye boksi iangaliwe, maana chupa zenye lebo ya kuiga zipo sokoni.

Na kama jumuiya haichapi kila wiki, isinunue printa ya wino kabisa. Iendelee na steshenari, au jumuiya tatu nne za kigango zichangie printa moja ya leza, ambayo poda yake haikauki hata ikikaa Kwaresima nzima. Fedha itakayobaki haitakosa kazi; karatasi za ibada zenye herufi kubwa kwa ajili ya wazee wetu bado ni chache.