Mikorosho Nayo Ihesabiwe

Wazee husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naona maneno hayo yamfaa pia mkulima aliyepatwa na tufani. Siku za kwanza mpe chakula. Kisha mpe kitu cha kumrudisha katika kazi yake.

Tarehe 25 Aprili 2019 tufani iitwayo Kenneth iliingia nchi kavu kaskazini ya mji wa Pemba, ikaharibu vibaya Ibo, Quissanga na Macomia. Zilikuwa zimepita wiki sita tu tangu tufani Idai kuipiga Beira. Mahindi yalikuwa karibu kuvunwa. Babu yangu alikuwa na mikorosho 60 upande wa Mucojo. Kulipokucha tulihesabu 11 iliyosimama.

Msaada ulikuja, nasi twashukuru. Tulipewa mchele na turubai, baadaye jembe na mbegu. Lakini mwandishi wa orodha alipofika alimwuliza babu mambo mawili tu: nyumba imeanguka? Mko watu wangapi? Babu akamjibu, kisha akasema, "Mwanangu, na mibibo yangu je?" Kijana yule akajibu kwa adabu kwamba karatasi yake haina mahali pa miti.

Hapo ndipo penye kosa. Mahindi hurudi kwa miezi minne. Mkorosho hutaka miaka mitatu mpaka mitano ndipo uanze kuzaa, na mnazi hutaka zaidi. Nasi twajua kwamba muhogo ni wa kula, bali korosho ndizo fedha zetu: nguo, dawa na daftari za shule hutoka humo. Aliyepewa mbegu za mahindi peke yake amepewa chakula cha mwaka, lakini mapato yake ya miaka mitano hayakutajwa.

Jambo hili si geni pwani. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kisiwa cha Pemba kikanusurika. Wenye mashamba wa Unguja walipanda upya wakangoja miaka mingi, na Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi. Mti ukianguka, hasara yake haishi msimu ule.

Wako watakaosema fedha hazitoshi. Ni kweli. Katika mkutano wa Beira uliokwisha tarehe 1 Juni 2019, ilitajwa haja ya dola bilioni 3.2 kwa ajili ya tufani zote mbili, na ahadi zikafika bilioni 1.2. Lakini kuhesabu si kulipa. Kisichoandikwa hakitalipwa kamwe, hata fedha zikipatikana. Wengine watasema wakulima watadanganya. Je, kisiki nacho hudanganya? Orodha na isomwe barazani mbele ya watu wote. Jirani ajua idadi ya miti ya jirani yake.

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, karatasi ya msaada iwe na mahali pa miti. Pili, mkulima apewe miche, na ujira mdogo wa kuipalilia mpaka izae. Tatu, apewe cheti chake mwenyewe atembee nacho. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimewatoa wengi mashambani, na babu yangu naye aliondoka Mucojo mwaka 2020. Orodha ikikaa kwa mkuu wa kijiji peke yake, kijiji kikihama haki ya mtu hupotea.

Wala tusidhani mambo haya yamepita. Tarehe 15 Desemba 2024 tufani Chido iliingia Mecúfi, kusini ya mji wa Pemba. Nyingine itakuja. Sisi tunaosoma leo, huenda kesho ndio tutakaotumwa vijijini na karatasi mkononi. Tukifika kwa mzee na kumwuliza nyumba yake na watu wake, tusiondoke kabla ya kumwuliza: na miti yako je?