Mlinzi wa Siri Achunge Ulimi Wake

Biashara ya kutunza siri za watu haifanani na biashara ya sukari au ya vitambaa. Mnunuzi wa sukari huionja, na mnunuzi wa kitambaa hukipima kwa mkono wake. Lakini mtu anayekabidhi barua zake kwa mtunzaji aliye ng'ambo hana cha kuonja wala cha kupima. Anachonunua ni imani. Kwa hiyo kiongozi wa biashara ya namna hiyo anapopiga debe la kisiasa hadharani, huwa anachezea bidhaa ile ile anayoiuza.

Hayo ndiyo yaliyoikuta kampuni ya Proton, yenye makao yake Geneva, Uswisi. Kampuni hiyo ya barua pepe ilizaliwa mwaka 2014 kwa juhudi za wanasayansi waliokutana katika kituo cha utafiti cha CERN. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Edward Snowden alikuwa amefichua jinsi majasusi wa Marekani walivyokuwa wakichota habari za watu kutoka katika makampuni makubwa ya nchi hiyo. Watu waliochoshwa na upekuzi huo walichanga zaidi ya dola 500,000 ili chombo hicho kipya kisimame. Kufikia mwaka 2023, kampuni ilitangaza kuwa akaunti zake zimezidi milioni 100.

Desemba 2024, Donald Trump alipomteua Gail Slater kuongoza idara ya kupambana na ukiritimba wa biashara, mkuu wa Proton, Andy Yen, aliusifu uteuzi huo hadharani. Hakuishia kumsifu mteuliwa. Alidai kuwa mambo yamegeuka: chama cha Republican, kilichokuwa cha matajiri wakubwa, sasa ndicho kinachowatetea wanyonge, na Democrats wamekiacha kiti hicho. Januari 2025 maneno hayo yalipozua malalamiko, yalitolewa maelezo ya kuyaunga mkono kwa jina rasmi la kampuni. Baadaye maelezo hayo yaliondolewa, na kampuni ikasisitiza kwamba haina upande.

Dai lenyewe lilikuwa bovu. Ni kweli kwamba kesi ya ukiritimba dhidi ya Google ilifunguliwa mwaka 2020, wakati wa kipindi cha kwanza cha Trump. Lakini ni serikali ya Biden iliyoiendesha mpaka ushindi wa Agosti 2024. Ni serikali hiyo hiyo iliyofungua kesi nyingine dhidi ya Google na kesi dhidi ya Amazon mwaka 2023, kisha kesi dhidi ya Apple mwaka 2024. Na Januari 20, 2025, Trump alipokula kiapo, walioketi nyuma yake ni wakuu wa Meta, Amazon, Google na Apple. Kama huo ndio mkutano wa wanyonge, basi maneno yamepoteza maana.

Wako watakaosema kwamba Andy Yen ni raia kama raia wengine, na ana haki ya kutoa maoni yake. Haki hiyo haina ubishi. Lakini cheo huja na masharti yake. Hakimu anayo haki ya kupiga kura, ila hashangilii chama chochote akiwa katika kiti cha hukumu. Karani wa masjala anayo itikadi yake, ila mafaili ya wananchi hayapangi kwa itikadi hiyo. Mwalimu anayesimamia mtihani haulizi baba wa mtoto ni mfuasi wa nani. Watumishi hao hawakunyang'anywa uhuru wao. Wamekubali kuuwekea mipaka ili kila anayefika mbele yao ajue kuwa atatendewa haki. Mlinzi wa siri za mamilioni ya watu hawezi kudai imani iliyo kubwa kuliko ya hakimu, kisha akakataa nidhamu ya hakimu.

Wako pia watakaosema kwamba siasa za mkuu hazina uzito, kwa kuwa barua zinalindwa na hesabu. Hoja hii ina ukweli, lakini nusu tu. Ni kweli kwamba maandishi ya barua hugeuzwa kuwa fumbo ambalo kampuni yenyewe haiwezi kulifumbua. Lakini jina la mwandikaji, jina la mwandikiwa na kichwa cha habari cha barua havimo katika ulinzi huo kamili. Mwaka 2021, kwa maombi ya polisi wa Ufaransa yaliyopitia kwa wakuu wa Uswisi, kampuni ililazimika kisheria kurekodi anwani ya mtandao ya mwanaharakati wa mazingira na kuitoa. Baada ya hapo ililazimika pia kurekebisha maneno ya matangazo yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yapo mambo ambayo mtunzaji huyaona, na yapo maamuzi ambayo hubaki mikononi mwake: amri ipi aipinge mahakamani, na kwa nguvu kiasi gani.

Wala bendera ya Uswisi haitoshi kuwa dhamana. Kampuni ya Crypto AG ya huko huko Uswisi iliziuzia nchi zaidi ya 120 mashine za kuficha siri. Februari 2020 ilidhihirika kwamba tangu mwaka 1970 wamiliki wake wa siri walikuwa majasusi wa Marekani na wa Ujerumani Magharibi. Hakuna ushahidi kwamba Proton imetenda uovu wa aina hiyo, na kuisingizia ni dhuluma. Lakini historia hiyo inaeleza kwa nini watu huchunguza kila dalili.

Mwaka 2024 Proton iliunda taasisi isiyo ya faida iwe mwanahisa wake mkuu, na bodi yake ina watu wenye heshima kama Tim Berners-Lee. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo, Andy Yen naye alikuwa miongoni mwa wajumbe wa bodi hiyo. Bodi isiyoweza kumwambia mkuu wa kampuni anyamaze ni pambo la ukutani.

Kwa mtumishi wa umma na mwalimu, funzo ni bayana. Kuhama kwa hasira kutoka kwa mtunzaji mmoja kwenda kwa mwingine ni kubadilisha bwana tu. Barua za kazi ya umma zipite katika mifumo rasmi ya umma. Mitihani na majalada ya wananchi yasihifadhiwe katika akaunti binafsi, hata iwe na sifa gani. Na kwa barua za mtu binafsi, achaguliwe mtunzaji ambaye programu zake ziko wazi kwa wataalamu kuzikagua, na ambaye mteja anaweza kumwacha bila kupoteza barua zake.

Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona. Imani iliyojengwa kwa miaka 10 haiponi kwa kufuta maandishi.